Gari linawaka kisha linazima: tafuta ugonjwa kabla hujaagiza spea

Gari likigoma kabisa kuwaka, kila mwenye gari anajua pa kuanzia: betri, stata, mafuta. Linalomaliza hela za watu ni lile linalowaka vizuri, likanguruma sekunde chache, kisha likazima lenyewe. Stata inapiga kwa nguvu, injini inaitika mara moja, na kabla hujakaa sawa kwenye kiti imenyamaza.

Huku Mtwara na Lindi tatizo hili lina gharama nyingine juu yake. Spea nyingi za Noah, IST, Probox na Hiace zinaagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. Pampu ya mafuta ikifika, ukaifunga, gari likaendelea kuzima, basi hela imekwenda na siku imekwenda, na muuza spea hapokei tena kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa. Kama ni msimu wa korosho na gari ndilo linalokulisha kati ya Masasi na Mtwara, hasara hiyo unaiona waziwazi. Kwa hiyo naomba jambo moja: usinunue chochote mpaka ujue gari linazima namna gani. Namna linavyozima ndiyo inayoonyesha sehemu yenye ugonjwa, na vipimo vingi utavifanya mwenyewe uani kwa bisibisi, tochi, chupa ya maji na mita ya umeme ya bei ya kawaida.

Usifanye kazi hii ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyonuka, inayoua. Vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, gia iwe P au huru, na asiwepo mvuta sigara karibu.

Hatua ya kwanza: liache lizime, ulitazame

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka kabisa, na balbu ni nzima, huenda kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, haipati umeme. Anza na fyuzi zake na rilei kuu (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) kabla ya kitu kingine.

Wengi husikiliza pampu ya mafuta hapo, wakikosa mlio wanasema pampu imekufa. Subiri. Nissan nyingi pampu inalia kidogo ukiwasha swichi, lakini Toyota nyingi tunazoendesha pampu haiamki mpaka stata ipigwe. Ukimya kwenye Toyota hauthibitishi kitu.

Sasa piga stata bila kugusa mafuta, macho kwenye mshale wa mizunguko. Injini baridi inapaswa kupanda mpaka karibu 1,200 au zaidi kidogo, kisha ishuke taratibu kadiri inavyopata moto, ikae kati ya 600 na 800. Hiyo ndiyo silensa, yaani injini kunguruma bila kukanyagwa mafuta. Angalia linazima wakati gani: ukiachia funguo tu? Baada ya sekunde moja au mbili, kila mara muda uleule? Mshale unashuka polepole, na ukikanyaga mafuta linabaki hai? Au linazima hata ukikanyaga? Linakwenda vizuri mpaka lipate moto? Linazima ukiwasha AC, ukikata usukani au ukiingiza D? Rudia mara kadhaa uandike unachokiona. Karatasi hiyo itakufaa hata ukiishia kwa fundi, kwa sababu ukimwambia "kaka, linawaka, linashuka, linazima, ila nikikanyaga mafuta linabaki," umempunguzia nusu ya kazi. Ukimwambia "gari linazimazima" atabahatisha, na kubahatisha kwake unakulipia wewe.

Likizima ukiachia funguo

Wakati wa kupiga stata, swichi inapeleka umeme kwa njia moja. Ukiachia funguo irudi kwenye ON, umeme unapita njia nyingine. Kama njia hiyo ya pili imeungua ndani ya swichi, injini inakufa papo hapo. Jaribu kuchezesha funguo kidogo ikiwa kwenye ON. Taa za dashibodi zikififia au zikikatika, swichi imechoka. Toa vilevile ule mzigo wa funguo za nyumba, ghala na pikipiki unaoning'inia hapo. Uzito wake unailegeza swichi kila barabara inaporuka.

Kwenye Toyota za zamani kidogo kuna pia rilei ya pampu ya mafuta. Stata inapopigwa, pampu inapewa umeme moja kwa moja. Injini ikishawaka, kontroboksi inaishika rilei hiyo kwa kuona injini inazunguka. Rilei ikiwa mbovu, gari linawaka kwa stata na kufa ukiachia. Rilei nyingi kwenye boksi la fyuzi zinafanana, hivyo hamisha moja yenye namba ileile kutoka sehemu nyingine, ya honi kwa mfano, ujaribu. Kipimo hicho hakikugharimu senti.

Likizima baada ya sekunde moja au mbili, muda uleule kila mara

Tazama taa ndogo yenye alama ya funguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikimeta wakati huo, ulinzi wa gari haukuitambua funguo. Jaribu funguo ya pili. Iondoe ile ya kwanza mbali kabisa, kwa sababu funguo mbili zenye chipu zikikaa pamoja zinaweza kuvurugana. Kama funguo ilichongwa upya mtaani bila chipu, umeshapata jibu. Na kama kuna king'ora kilichofungwa baadaye, fundi umeme aangalie pale nyaya zilipokatwa chini ya usukani. Viungo vya kusokota na kufunga kwa selotepu vinalegea.

Likizima ukiliacha, likibaki hai ukikanyaga mafuta

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoangukia, na hapa ndipo watu wanapouziwa pampu bila sababu. Kama gari linabaki hai na linapandisha mizunguko vizuri ukikanyaga, petroli inafika. Kinachokosekana ni hewa sahihi wakati mguu hauko kwenye mafuta.

Anza na mpira mkubwa wa hewa, ule mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye throto, mlango wa hewa ya injini. Usiutazame kwa juu tu. Ushike kwa mikono miwili uukunjue kama kinanda cha mkononi, upitishe tochi na kidole ndani ya kila mkunjo, hasa upande wa chini usioonekana. Barabara za vijiji vya Tandahimba na Nanyumbu zinaitikisa injini kutwa nzima, na mpira uliokauka kwa joto unapasuka kwenye bonde la mkunjo. Ukiwa umetulia, ufa umefumba. Injini ikivuta, unafumbuka. Hewa inayoingia hapo imepita nyuma ya sensa ya hewa, ile mafundi wanaiita eaflo, kwa hiyo kontroboksi haina habari nayo na inapima petroli kidogo kuliko inavyohitajika. Gari linawaka kwa petroli ya ziada ya kuwashia, halafu linazima. Selotepu nzuri itakufikisha kutoka Mangaka mpaka Masasi, lakini nunua mpira mpya. Kaza na klipu zake zote mbili.

Ukiwa hapo fungua filta ya hewa. Mtu anayeendesha kwenye vumbi jekundu hawezi kufuata ratiba ya mtu wa lami. Igonge, itazame kwenye mwanga wa jua. Kama mwanga haupiti, badilisha. Usipulize kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, utasukuma vumbi upande wa injini.

Kisha throto yenyewe. Ondoa mpira, uone sahani ya duara inayofunguka ukikanyaga mafuta. Ikiwa imekaa muda mrefu bila kusafishwa, utakuta utando mweusi wa mafuta na masizi umezunguka ukingo wa sahani, hasa kwa ndani. Kwenye silensa injini inapumua kupitia mwanya mwembamba sana pembeni ya sahani hiyo, au kupitia kijia chenye vali ya silensa. Masizi yakiziba, pumzi inakatika. Chomoa betri upande wa hasi kwanza. Tumia dawa ya kusafishia throto na kitambaa laini au mswaki. Kwenye gari lenye throto ya umeme, isiyo na waya wa akseleta, usiisukume sahani kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Ina mota na gia ndogo za plastiki ndani. Safisha ukingo, safisha na kijia cha vali ya silensa kama kipo, acha ikauke, funga.

Ukirudisha betri usishangae silensa ikiwa juu au ikiyumba. Kontroboksi ilikuwa imezoea uchafu na sasa inajifunza upya. Zima AC, redio na taa, washa injini, iache ingurume bila kukanyagwa mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima. Toyota nyingi zinatosheka na hilo. Nissan nyingi zinataka kufundishwa kwa mashine au kwa mpangilio maalumu wa swichi na akseleta, kwa hiyo mwulize fundi kabla hujaanza kuisafisha.

Eaflo nayo isafishwe, ila kwa dawa yake tu. Ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele; usiuguse kwa kitambaa wala usiupulize kwa kompresa. Nyunyiza, acha ikauke kabisa kabla ya kuifunga. Kipimo cha haraka cha eaflo ni hiki: chomoa soketi yake, washa gari. Kama sasa linabaki hai, ingawa taa ya injini imewaka na nguvu imepungua, sensa hiyo ilikuwa inasema uongo. Kipimo hiki hakifai kwa magari yanayopima hewa kwa sensa ya vakyumu (mvuto wa hewa) kwenye manifodi, mabomba yanayoigawia injini hewa.

Mpaka hapo hujapona? Tafuta mipira midogo ya vakyumu iliyochomoka au kupasuka, na gasketi ya manifodi. Sikiliza mluzi. Mwenzako ashikilie mafuta kidogo ili injini isizime, wewe nyunyiza maji ya chupa kidogo kidogo kwenye viungo vya manifodi na mipira, mbali na koili na soketi za umeme. Ngurumo ikibadilika ulipolowesha, hewa inaingia hapo. Kuna mafundi wanaonyunyiza petroli kwa kazi hiyo. Injini ina moto, koili zina cheche, maji yanatosha. Ule mpira mnene unaokwenda kwenye ngoma nyeusi ya breki iliyo nyuma ya injini, si ile ya tairini, uubane kwa koleo kwa muda mfupi. Gari likitulia, ngoma au vali yake inavuja, na hilo litengenezwe leo kwa sababu ndilo linalosaidia breki zako.

Kuna dalili moja watu hawaiunganishi: gari linakuwa sawa siku zote ila linawaka na kuzima kila ukitoka kujaza mafuta sheli. Hiyo mara nyingi ni vali inayopitisha mvuke wa petroli kutoka tangini kwenda kwenye injini, imekwama wazi. Injini ikiwa baridi na kwenye silensa, chomoa mpira wa vali hiyo upande wa tangi uweke kidole kwenye vali. Isivute. Ikivuta, imekwisha. Na acha tabia ya kumwambia mhudumu aendelee kubonyeza baada ya pampu kujikata. Petroli inafika kwenye kopo la mkaa la kunasa mvuke na kuliharibu.

Kama linazima ukiwasha AC tu, ukikata usukani au ukiingiza D, throto na vali ya silensa bado ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Likizima hata ukikanyaga mafuta

Likikohoa, likikosa nguvu, ukikanyaga likazama zaidi badala ya kupanda, sasa ni zamu ya mafuta.

Ulijaza wapi mara ya mwisho? Huko ndani, mbali na sheli, petroli inauzwa kwa chupa na dumu, na dumu linakaa nje kwenye mvua. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi, pale pale pampu inapovutia. Pata sampuli kwenye chupa ya kioo au ya plastiki angavu, iache itulie nusu saa bila kutikiswa. Mstari ukijitenga, na chini kuna kitu kama matone makubwa yanayotembea ukiinamisha chupa, hayo ni maji. Tangi lishushwe na kukaushwa, filta ibadilishwe. Kuongeza petroli safi juu yake hakuyatoi maji.

Kabla ya kuhukumu pampu, pima umeme wake. Weka mita kwenye soketi ya pampu, mwenzako apige stata. Usomaji uwe karibu sawa na wa betri wakati huo. Ukipata pungufu kwa volti mbili au zaidi, pampu mpya nayo itakosa nguvu. Tatizo liko kwenye rilei, waya au arthi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma. Umeme ukiwa mzuri na pampu kimya, gonga tangi kwa chini kwa kiganja au nyundo ya mpira wakati stata inapigwa. Pampu iliyochoka huamka kwa kugongwa. Hapo agiza kwa amani.

Fundi mwenye geji apime presha. Injini nyingi za petroli za Toyota zisizo na mpira wa kurudisha mafuta zinataka takribani bar 3 mpaka 3.5. Kabla ya kufungua mpira wowote wa petroli, chomoa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka lizime lenyewe. La sivyo petroli itakurukia usoni.

Likizima likishapata moto

Linakwenda vizuri kutoka Lindi, ukifika Mnazi Mmoja linakatika ghafla kama limezimwa na funguo, unakaa kivulini nusu saa, linawaka tena bila neno. Mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kontroboksi kuwa injini inazunguka. Likiwa bado linatembea kwenye gia huku limezima, tazama mshale wa mizunguko: ukianguka sifuri mara moja wakati injini bado inazungushwa na matairi, ishara ya sensa imekatika. Funika sensa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, usimwagie maji injini nzima. Likiwaka baada ya sensa kupoa, umeipata. Koili na pampu ya mafuta nazo hufa kwa joto, ila pampu kawaida inakufa kwa kudhoofika, gari likivutavuta kwanza, na koili moja inaleta kumisi, yaani injini kurukaruka, kabla ya kuzima.

Chumvi ya bahari

Magari ya Shangani, Mikindani na Lindi mjini yana ugonjwa ambao wa Newala hawaujui sana: kutu ya chumvi kwenye arthi. Waya wa hasi unaonekana mzima kwa nje, ndani ya ganda shaba imekuwa unga wa kijani. Weka mita, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, fungua arthi zote, sugua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Kagua kutu kwenye soketi za sensa pia. Betri yenyewe isome walau 12.4 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.7 ikiwa inanguruma.

Soma taa ya injini

Mashine ndogo za Bluetooth zinazounganishwa na simu zinasoma magari mengi ya karibuni. Zinatoa namba za ugonjwa: P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli, rudi kwenye mpira na vakyumu. P0102 ni ishara dhaifu ya eaflo. P0335 ni sensa ya krenki. P0505 ni mfumo wa silensa. Usinunue kifaa kwa kuona namba peke yake: P0335 inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya.

Toyota za Japani ambazo mashine hiyo inazikataa, mara nyingi zinasomeka kwa kipande cha waya. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha TC na CG kwenye soketi ya chini ya usukani, matundu namba 13 na 4, au TE1 na E1 kwenye kiboksi cha chini ya boneti, kisha washa swichi uhesabu taa inavyometa. Kumeta mfululizo bila kupumzika ni uzima. Hesabu ya 13 ni ishara ya mzunguko wa injini, 22 sensa ya joto la maji, 31 eaflo au sensa ya vakyumu. Sensa ya joto la maji ikisema injini ina moto wakati ni baridi, petroli inapunguzwa mapema, na gari linazima asubuhi tu. Hakikisha matundu mara mbili kabla ya kuunganisha. Ukikosea unaweza kuchoma kontroboksi.

Kama gari ni la dizeli

Hilux, Land Cruiser na Canter za dizeli zinazowaka na kuzima, mara nyingi zinavuta hewa. Injini inakula dizeli iliyobaki kwenye bomba, inafika kwenye hewa, inakufa. Juu ya filta kuna pampu ya mkono. Legeza skrubu ya kutolea hewa, pampu mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke tupu, kaza huku bado unapampu. Likiwaka na kukaa, halafu kesho asubuhi likarudia, kuna pengo linaloingiza hewa usiku: oringi ya filta, klipu iliyolegea, bomba lililosuguana na chasi. Sehemu hiyo huenda isidondoshe dizeli hata tone, kwa sababu inavuta badala ya kusukuma. Unga mpira angavu wa muda kabla ya pampu ya nozeli, uone mapovu yanatoka upande gani. Maji kwenye kikombe cha filta yamwage kila wiki wakati wa masika.

Ukishatengeneza, usilipe kazi yote gari likiwa na moto. Lilaze. Asubuhi liwashe bila kukanyaga mafuta, liache lifike joto lake, washa AC na taa kubwa, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, ingiza D mguu ukiwa kwenye breki. Likipita yote hayo bila kuzima, mlipe fundi, kisha lipeleke safari fupi ya karibu na mjini kabla hujalipakia mzigo wa Masasi.